Polima Sharabu Ozekaji

Ukichana nepi ya kutupa utakuta chembe nyeupe zilizochanganyika na nyuzi laini. Zimwagie maji, zitafura na kuwa jeli. Ukiibana, maji hayatoki kama yanavyotoka kwenye sponji. Wengine huziita polima fyonzaji. Mimi nachagua polima sharabu, kwa kuwa mzizi pia hufyonza maji, lakini huyapeleka kwingine. Chembe hizi hukaa nayo.

Nyingi ni sodiamu poliakrilati. Minyororo yake ina chaji hasi zinazosukumana, na ioni za sodiamu zilizo ndani huvuta maji kwa osmosisi. Viungo vinavyoifunga minyororo pamoja ndivyo vinavyozuia isiyeyuke. Gramu moja husharabu mamia ya gramu za maji safi, lakini ya maji ya chumvi, mkojo ukiwamo, ni makumi tu, maana chumvi ya nje hupunguza mvuto ule.

Neno "ozekaji" ndilo linalohitaji ulinzi. Uti wa poliakrilati ni kaboni iliyoshikana na kaboni, na bakteria hawana kimeng'enya cha kuukata kwa urahisi. Shambani viungo vinaweza kukatika, jeli ikapotea machoni, na minyororo ikabaki udongoni. Huko ni kuvunjika. Kitu kimeoza pale vijidudu vinapokila, kaboni yake ikawa hewa ya ukaa na sehemu ya miili yao. Hata ile polima ya wanga wa mahindi iliyobuniwa na watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani huko Peoria, Illinois, ilipandikizwa minyororo ya akrilonitrili: wanga huliwa, pandikizi hubaki.

Ndiyo maana watafiti wamegeukia asidi ya poliaspatiki, ambayo vifungo vyake vinafanana na vya protini. Selulosi iliyofungwa kwa asidi ya sitriki. Kitosani ya maganda ya kamba. Na karajinani, inayopatikana katika mwani unaolimwa Zanzibar. Hii ya mwisho ningependa kuona maabara zetu zikiishughulikia kwa bidii.

Ugumu uko kwenye viungo. Vikiwa vichache, jeli hufura sana lakini ni teketeke, hupondeka mtoto akikalia nepi. Vikiongezwa, inakaza, ila husharabu kidogo na kuchelewa kuoza.