Sumu ya Kome: Kipimo Kilianzia Wapi?

Leo tuzungumzie kome na chaza, na sumu ambayo jicho haliioni wala moto hauiondoi.

Mwaka 1927, watu 102 waliugua karibu na San Francisco, Marekani, baada ya kula kome. Sita walifariki. Kome hao hawakuwa wameoza. Watafiti Hermann Sommer na Karl F. Meyer walifuatilia jambo hili. Kome huchuja maji ya bahari apate chakula. Vijimea fulani vya baharini vikizidi, sumu yao hujikusanya ndani ya kome, naye mwenyewe haonyeshi dalili.

Mwaka 1937 walieleza kipimo chao. Panya mdogo hudungwa maji yaliyotolewa katika nyama ya kome, kisha dakika huhesabiwa. Akifa upesi, sumu ni nyingi. Baadaye kikawekwa kikomo: mikrogramu 80 katika gramu 100 za nyama. Ikizidi hapo, kome hawauzwi. Siku hizi nchi nyingi hutumia mashine badala ya panya.

Mama, kumbuka: kuchemsha huua vijidudu, lakini sumu hii hubaki. Uliza kome wametoka wapi. Aliyekula akihisi ganzi midomoni au vidoleni, au akipumua kwa shida, usingoje kuche, wala usitegemee maziwa. Mkimbize hospitali. Akisaidiwa kupumua mapema, anaweza kupona.