Faragha ya Barua Pepe: Usimbaji Fiche na Seva Binafsi Hulinda Nini?

Na Mwandishi Wetu

Majibu ya vipimo vya wagonjwa, nyaraka za mashauri, taarifa za mishahara na majadiliano ya zabuni sasa husafiri kwa barua pepe. Watumiaji wengi huamini kwamba ujumbe wa namna hiyo hufungwa kama barua iliyotiwa lakiri. Kwa hakika, barua pepe ya kawaida hufanana zaidi na kadi ya posta, kwa kuwa kila inakopitia, anayeishika anaweza kuisoma.

Udhaifu huo una historia. SMTP, itifaki inayosafirisha barua pepe duniani kote, iliandikwa na Jonathan Postel wa Marekani na kuchapishwa mwaka 1982, wakati mtandao ulipounganisha vyuo vikuu na taasisi chache za utafiti zilizoaminiana. Haikuwekewa njia ya kuficha maudhui, wala ya kuthibitisha kwamba anayejitaja kuwa mtumaji ndiye mtumaji kweli. Kinga zinazotumika leo ziliongezwa baadaye, moja baada ya nyingine, na kila moja huzuia hatari yake. Anayezichanganya huweza kujiona salama ilhali mlango mmoja uko wazi.

Kinga ya safarini

Kinga ya kwanza ni usimbaji fiche wa njia, unaojulikana kama TLS, ambao utaratibu wake wa kutumika katika SMTP ulichapishwa mwaka 1999. Ujumbe unapotoka seva moja kwenda nyingine, hugeuzwa kuwa herufi zisizosomeka, hivyo anayenasa mawasiliano njiani haambulii kitu. Hata hivyo, ukifika kwenye seva hufunguliwa na kuhifadhiwa ukiwa unasomeka. Aidha, seva nyingi zimepangwa kutuma ujumbe bila kuusimba endapo seva inayopokea haina uwezo huo, na mtumaji hapewi taarifa yoyote.

Kinga ya maudhui

Kinga ya pili husimba maudhui yenyewe katika kompyuta ya mtumaji, yakaja kufunguliwa katika kompyuta ya mpokeaji pekee. Programu iliyowafikishia wananchi wa kawaida uwezo huo ni PGP, iliyotolewa na Phil Zimmermann mwaka 1991. Serikali ya Marekani, ambayo wakati huo iliiweka teknolojia ya usimbaji fiche katika kundi moja na zana za kivita, ilimchunguza kwa tuhuma za kuisafirisha nje bila kibali, na ikafunga uchunguzi huo mwaka 1996 bila kumshtaki. Leo mfumo huo unapatikana bila malipo kupitia programu ya GnuPG.

Kila mtumiaji huwa na funguo mbili. Ufunguo wa umma ni mfano wa kufuli lililo wazi: humgawia yeyote anayetaka kumwandikia. Ufunguo wa siri, ambao hubaki kwake, ndio pekee unaofungua kufuli hilo. Kabla ya kutumia ufunguo wa umma wa mtu, ni lazima kuthibitisha naye kwa simu au ana kwa ana kwamba ni wake, kwani tapeli anaweza kutoa wa kwake kwa jina la mwingine.

Kinga hii nayo ina mipaka. Jina la mtumaji, la mpokeaji, tarehe, na kwa kawaida mada ya barua, huendelea kuonekana. Mada isemayo "Majibu ya kipimo cha VVU" hutoa siri hata kama barua yenyewe imefungwa. Vilevile, anayepoteza ufunguo wake wa siri bila nakala hupoteza uwezo wa kusoma barua zake zote zilizosimbwa kwa ufunguo huo.

Seva yako mwenyewe

Mwaka 2013, kampuni ya Lavabit ya Texas, iliyokuwa na watumiaji zaidi ya 400,000, iliamriwa na mahakama kukabidhi ufunguo uliolinda mawasiliano ya wateja wake wote, katika uchunguzi uliohusishwa na Edward Snowden. Mmiliki wake, Ladar Levison, aliukabidhi baada ya mvutano, kisha akaifunga huduma hiyo tarehe 8 Agosti. Tukio hilo lilionesha kwamba mwenye seva ndiye mwenye ufunguo, na kwamba suala la mteja mmoja linaweza kuwagusa wote.

Ndiyo maana baadhi ya watu na taasisi huendesha seva zao kwa programu huria kama Postfix na Dovecot. Seva ya namna hiyo haimweki mtu juu ya sheria. Amri halali ya mahakama humfikia yeye mwenyewe badala ya mtoa huduma. Wala haizuii nakala ya barua kubaki kwenye seva ya mpokeaji.

Mzigo wake pia ni mkubwa. Huhitaji kikoa, anwani ya kudumu ya intaneti, umeme usiokatika, masasisho ya mara kwa mara na nakala rudufu. Bila rekodi za SPF, DKIM na DMARC, ambazo huthibitisha uhalali wa mtumaji, barua zake huishia kwenye kapu la barua taka. Seva isiyo na mtaalamu wa kuihudumia ni hatari kuliko huduma ya kukodi.

Sheria na utumishi wa umma

Nchini Tanzania, Ibara ya 16 ya Katiba inalinda faragha ya mawasiliano ya mtu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu kuzilinda.

Kwa mtumishi wa umma, seva binafsi si njia ya kushughulikia kazi za ofisi. Serikali ina mfumo wake wa barua pepe unaosimamiwa na Mamlaka ya Serikali Mtandao. Hillary Clinton, aliyetumia seva ya nyumbani kwake akiwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Marekani, hakushtakiwa, lakini Mkaguzi Mkuu wa wizara hiyo alibaini mwaka 2016 kwamba taratibu za utunzaji wa kumbukumbu zilikiukwa. Barua ya ofisi ni mali ya umma.

Kwa mwananchi na taasisi ndogo, hatua ya kwanza ni nywila imara na uthibitishaji wa hatua mbili, kwani wadukuzi wengi huingia kwa nywila iliyoibwa. Kisha nyaraka nyeti zisimbwe kabla ya kutumwa. Seva binafsi ifuate pale tu penye mtu wa kuilinda kila siku.