Kunde za Bibi

Mwaka jana, nikisoma historia ya Brazili kwa ajili ya shahada yangu ya uzamili, nilimwonyesha bibi picha kwenye simu. Alikuwa jikoni kwake, Majengo, hapa Sumbawanga, akimenya kunde alizozilowesha usiku. Picha ilikuwa ya mwanamke wa mjini Salvador, amevaa gauni jeupe, anakaanga acarajé.

"Si bagia hizo?" akauliza.

Nilimweleza kwamba ni kunde zilizosagwa na kukaangwa kwa mawese, na kwamba jina lake lina asili ya Kiyoruba. Brazili ilipokea karibu Waafrika milioni 5 waliofungwa utumwani. Waliporwa kila kitu, lakini mapishi waliyabeba kichwani. Leo wajukuu wao wanauza acarajé barabarani, na wanajivunia.

Bibi akaendelea kumenya. Kisha akasema, "Bibi yangu naye aliokotwa Karema."

Sikuwahi kulisikia hilo. Lakini Karema niliijua vitabuni: kijiji cha ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ambako Mapadre Weupe walifika mwaka 1885 na kuwakomboa watoto waliokuwa wakiuzwa kwa fedha au kwa nguo. "Kuokotwa" lilikuwa neno la heshima la kuficha neno jingine.

Brazili ilifuta utumwa mwaka 1888. Mwaka uliofuata alifika Karema Adrian Atiman, mzaliwa wa ukingo wa mto Niger, nchi ya Mali ya leo. Alitekwa utotoni, akauzwa kuvuka Sahara, akakombolewa na mapadre Algeria, akasomea utabibu Malta. Alitibu watu Karema hadi alipofariki mwaka 1956. Hapa mjini kuna hospitali yenye jina lake. Nimepita getini pake tangu utotoni nikidhani Atiman alikuwa Mzungu.

Kwa nini Salvador wanakumbuka kwa sauti, na sisi kwa kunong'ona? Nadhani kule waliotoka utumwani walikuwa wengi, na rangi ya ngozi haikuwaruhusu kujificha. Huku mtoto aliyekombolewa alibatizwa, akajifunza Kifipa, akaolewa, akapata ukoo. Ukoo huo ulidumu kwa sababu hakuna aliyeuliza alikotoka. Nilikuwa nimekuja na hasira ya msomi dhidi ya usahaulifu. Sikujua kwamba kwetu usahaulifu ulikuwa paa la nyumba.

"Alitokea wapi, bibi?"

"Hakusema. Alikuwa mdogo mno. Alikumbuka mto tu."

Nikamwomba ruhusa ya kuandika. Alifikiri mpaka kunde zikaisha kwenye bakuli.

"Andika, mjukuu wangu. Jina lake usilitaje. Tumeoana na watu."

Sijalitaja. Bibi akanisogezea kinu, nikaanza kutwanga.