Wawindaji wa Nata na Ikizu

Mashariki ya mji wa Musoma, katika nchi iliyo baina ya Ziwa Viktoria na nyika za Serengeti, ambako nyumbu zaidi ya milioni moja huhama kila mwaka wakiandama mvua na majani mabichi, kijana wa Kinata au Kiikizu alijifunza kuwinda kwa kufuata nyayo za wazee wake, akisoma alama za kwato vumbini na kuujua upepo kabla ya kukabidhiwa upinde na mshale wenye sumu.

Lakini aliyemtia ari zaidi ni mhenga. Wanata husimulia kwamba babu yao wa awali, Nyamunywa, alikuwa mwindaji. Nao Waikizu wa Bunda humtaja Isamongo, mwindaji aliyemiliki moto, aliyekutana na Nyakinywa, mwanamke mwenye ilimu ya mvua; na huyo Nyakinywa akawa ndiye mtemi wao wa kwanza. Ni jambo adhimu kwetu kwamba nasaba hizi hazikumsifu mwindaji peke yake, bali na mwanamke pia.

Serengeti ilifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1951, na mawindo ya jadi hatimaye yakakatazwa humo. Hata hivyo wazee wameendelea kuvitaja kwa majina vilima na mito iliyobaki ndani ya mipaka.