Bakteria waliokula rundo la Kasese

Wandugu, kila tukizungumza juu ya vijidudu vya kufanyishwa kazi, mtu anasema: hayo ni mambo ya labo za Ulaya na Marekani. Mimi nabisha. Kazi kubwa ya namna hiyo ilifanyika nyuma ya Ruwenzori, milima ileile iliyo kusini mwa Boga yetu.

Mgodi wa Kilembe, Uganda, ulianza kutoa shaba miaka ya 1950, na mwaka 1956 reli ikafika Kasese. Shaba ilienda zake. Mabaki ya pairiti yenye kobalti yalirundikwa Kasese, karibu tani milioni 1. Katika kila kilo 100, kobalti haikufika hata kilo 2. Mvua ikinyesha, rundo lilitoa maji ya asidi, yakashuka hadi ndani ya mbuga ya Queen Elizabeth na kuacha ardhi isiyoota kitu.

Kuitoa ile kobalti ilikuwa kazi. Ukichoma, unapata moshi wa salfa. Ukisaga iwe unga, bado haitoki, juu imejengwa ndani ya pairiti yenyewe.

Njo wakaitwa bakteria. Kwa ufundi wa BRGM ya Ufaransa, kiwanda kilianza kazi mwaka 1999: matangi ya zaidi ya mita za ujazo 1,000 kila moja, joto la nyuzi 40 na kitu, hewa ikipulizwa mchana na usiku. Bakteria walikula chuma na salfa ya pairiti, kobalti ikayeyuka ndani ya maji, kisha umeme ukaigeuza kuwa metali. Na walilishwa nini zaidi? Nitrojeni, fosfora, potasiamu. Wenzangu wa agronomi mnacheka: ni mbolea tunayoijua!

Hakuna aliyewakata jeni. Walichaguliwa na kuzoeshwa polepole, kama bibi zetu walivyochagua mbegu ya mahindi. Upande mwingine kuna Chakrabarty wa General Electric: miaka ya 1970 alitengeneza bakteria wa kula petroli, na tarehe 16 Juni 1980 Mahakama Kuu ya Marekani ikakubali, kura 5 kwa 4, kwamba kiumbe hicho kinaweza kupewa hataza. Ushindi mkubwa wa sheria, lakini hakikutumwa baharini kusafisha mafuta. Wale wa Kasese, wasio na jina, walimaliza rundo kwa miaka kama 15, pamoja na muda kazi iliposimama kwa sababu ya bei ya kobalti.

Sasa mu karieri zetu za Ituri watu wanatwanga mawe na kukamata dhahabu kwa zebaki. Dhahabu iliyofungwa ndani ya pairiti, zebaki haiigusi. Inatupwa na mchanga. Kumbuka tu kwamba kampuni ya Kasese ilikuwa na umeme wake kwenye mto Mubuku, karibu megawati 10, juu hewa ikikatika bakteria wanakufa. Kabla ya kuulizana nani atatuletea jeni, tuulizane umeme huo Irumu utatoka mto gani.