Kabla ya Bia ya Krafti, Tupitie Pumwani

Mwezi jana marafiki zangu walinipa kazi. Mmoja wetu anafikisha miaka thelathini na anataka Jumamosi nzima ya kuzunguka Nairobi akionja bia za krafti, yaani bia zinazopikwa kidogo kidogo na viwanda vidogo. Anataka zile baa ambazo ukiwa na glasi mkononi unaiona mitungi ya chuma iliyoitoa. "Wewe ndiye uko na time, si utupangie," akaniambia. Huwa wananitania hivyo tangu niache chuo, na mimi huwa nacheka, lakini si kila mara.

Tuko wanane. Nilifungua daftari nikaandika masharti. Moja, hakuna mtu kuendesha gari. Tutakodisha matatu ndogo na dereva asiyeonja hata tone, maana alkoblo haijui kama ni bathdei ya mtu. Mbili, tusizidi vituo vitatu. Nne ni fujo, na ulimi ushachoka kuonja. Tatu, tuitishe vile viglasi vidogo vya kuonjea, wala si glasi kubwa, na tule kabla ya kila kituo. Nne, nipige simu mapema. Viwanda hivi hupika kwa awamu, kwa hivyo ile bia uliyosifiwa wiki iliyopita inaweza kuwa imeisha.

Halafu nikaandika majina. Brew Bistro, ile ya Ngong Road iliyozoesha watu wengi wa Nairobi wazo la kunywa bia mle mle inamopikwa. Bateleur ya Karen, iliyopewa jina la aina ya tai. 254, ambayo kama una simu ya Kenya huhitaji kuelezwa jina limetoka wapi. Kwa sababu mimi ni mwandishi na siwezi kupanga hata safari ya sokoni bila utangulizi, nikaamua kuandika ukurasa mmoja wa historia tusomeane ndani ya gari.

Hapo ndipo mambo yaliponichanganyikia.

Jioni hiyo nilimpigia Mama. Mama ni mtu wa kanisa, hanywi, na pombe haiingii nyumbani kwake hata ndani ya keki. Nikamweleza mpango wetu, pamoja na kile kipande cha ziara ambapo mpishi wa bia huwatembeza mkaona mitungi.

"Ngoja," akasema. "Watu wanalipa ndio waone vile pombe inapikwa?"

"Ndiyo, Mama."

Akacheka mpaka akakohoa. "Sisi tulikuwa tunalipa ndio wasione."

Nilijua kidogo. Nilijua Kukhu, mamake Mama, aliishi Mathare kabla ya kurudi Kakamega, na kwamba "alikuwa na biashara". Kwetu neno hilo lilisemwa kwa sauti ya kufunga mlango. Siku hiyo mlango ulibaki wazi kidogo, nami nikaingia.

Kukhu alikuwa akipika busaa. Kwa wasioijua, kazi yenyewe ni hii: unakanda unga wa mahindi na maji, unauacha siku kadhaa uchachuke, kisha unaukaanga kwenye bati pana juu ya moto huku ukiugeuza na sepetu mpaka uwe rangi ya kahawia. Unauchanganya na maji na kimea cha wimbi, yaani wimbi ulioloweshwa ukachipua, ukaanikwa na kusagwa. Baada ya siku mbili tatu inaumuka, unachuja, unauza.

Yule mpishi wa Ngong Road au Karen anafanya kazi ya ukoo huo huo. Yeye kimea chake ni cha shayiri, naye pia huloweka na kuchipusha nafaka (au ananunua iliyochipushwa tayari), kwa sababu nafaka inapochipua ndipo wanga wake unapoweza kugeuka sukari. Hamira inakula sukari hiyo na kutoa kileo. Tofauti kubwa ni hopsi, yale maua machungu yanayosaidia bia kukaa bila kuharibika. Busaa haina hopsi na haikai. Ikichelewa siku chache inachachuka hadi hainyweki. Kwa hiyo huwezi kuisafirisha mbali, na huwezi kujenga kampuni kubwa juu yake. Ni lazima uiuze hapo hapo ulipo, kwa watu wanaokujua. Hivyo ndivyo baa ya krafti inavyofanya kazi leo, tena inajisifia jambo hilo kwenye menyu.

Sasa rudi nami miaka mia moja nyuma.

Mwaka 1922 ndugu wawili walowezi, George na Charles Hurst, pamoja na H. A. Dowding, waliunda Kenya Breweries huko Ruaraka. Desemba ya mwaka huo walipeleka kreti kumi za kwanza katika Hoteli ya Stanley. Mwaka uliofuata George aliuawa na ndovu akiwa mawindoni, na ndiyo sababu bia ile ikaitwa Tusker. Hadithi hii kila mlevi wa Nairobi anaijua. (Watu wa pwani watakukumbusha kwamba kwao tembo ni mnyama na ni pombe ya mnazi vilevile, kwa hivyo Kiswahili kiliwahi kufika hapo kabla ya akina Hurst.)

Ambalo wengi hatusimuliwi ni kwamba Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kuinywa ile bia ya Ruaraka. Pombe ya Kizungu, ya chupa, ilikuwa ya Wazungu. Marufuku hiyo iliendelea mpaka baada ya Vita Kuu ya Pili, wakati askari wa KAR walikuwa washarudi kutoka Burma na kwingineko, ambako walikuwa wamekunywa bia kama binadamu wengine. Pombe kali zilisubiri mpaka miaka ya 1950.

Basi Mwafrika wa Nairobi miaka hiyo ya 1920 alikunywa nini? Serikali ya mji ilikuwa na jibu lake. Kutoka Durban, Afrika Kusini, ilinakili mfumo ulioanza huko 1908: mji wenyewe ndio unaopika na kuuza pombe ya kienyeji, kwenye ukumbi mmoja, na faida inatumika kuendesha mitaa ya Waafrika. Nairobi iliujenga ukumbi wake Pumwani, mtaa uliokuwa umepangwa kwa ajili ya Waafrika. Yaani mfanyakazi alikunywa, na kwa kunywa akajilipia huduma ambazo mji ulipaswa kumpa kwa kodi aliyokwisha lipa.

Mfumo ule ulikuwa na adui mmoja, naye ni mwanamke mwenye sufuria.

Wanawake wa Pumwani na wa Pangani ya zamani walipika majumbani. Baadhi yao walijenga nyumba kwa fedha za pombe na kazi nyingine za mjini, wakawa na wapangaji, wakawa watu wa kuulizwa ushauri. Hawakuwa wake za mtu wala wafanyakazi wa mtu, na jambo hilo liliwakera wakoloni na pia wazee wa vijijini waliotaka wasichana wao warudi nyumbani. Kila mtungi waliouza ulikuwa mtungi ambao ukumbi wa mji haukuuza. Kwa hiyo pombe ile ile, ikitoka kwenye pipa la mji, ilikuwa mapato. Ikitoka chini ya kitanda cha mwanamke, ilikuwa hatia. Pangani yenyewe ilibomolewa mwishoni mwa miaka ya 1930, na wenye nyumba wakasogezwa Shauri Moyo.

Ukiniuliza, hapo ndipo historia ya bia ya Nairobi inapoanza, na inaanza na mambo matatu kwa wakati mmoja. Ruaraka panapikwa bia ambayo Mwafrika haruhusiwi kuinywa. Pumwani kuna ukumbi unaomwambia anywe hapa tu. Na kuna chumba cha mwanamke kinachovamiwa usiku. Sheria haikuwa ikiuliza pombe hii ni salama au si salama. Ilikuwa ikiuliza pesa zinaenda mfuko wa nani.

Uhuru ulipokuja, Ruaraka iliendelea kupika na sasa sote tuliruhusiwa kununua. Mwanamke mwenye sufuria naye alihamia bondeni. Katika miaka ya 1960 na 1970 Mathare ilijulikana kwa busaa, na wapishi wengi walikuwa wanawake wanaoendesha nyumba zao peke yao. Kukhu alikuwa mmoja wao. Mama anakumbuka kutumwa na wenzake juu ya mteremko kuchungulia kama askari wanakuja, na filimbi waliyopigiana. Anakumbuka bati la kukaangia likifichwa juu ya paa kana kwamba ni sehemu ya paa. Anakumbuka pesa iliyofungwa kwenye ncha ya leso, isiyoguswa hata njaa ikiuma, kwa sababu ilikuwa ya askari. Mara moja pesa hiyo haikutosha na Kukhu akafungwa miezi miwili. Mama alikuwa darasa la tano. Wanawake wa ploti ndio waliompikia, na walipika pia ile busaa iliyobaki, wakamwekea Kukhu hesabu yake mpaka akatoka.

Busaa hiyo ilimsomesha Mama mpaka kidato cha nne. Nililisikia hilo kwa mara ya kwanza mwezi jana, nikiwa na miaka ishirini na sita, mimi niliyeacha chuo mwaka wa pili kwa sababu karo ilikwama na hakukuwa na leso ya kufungua.

Sitaki kuipaka asali. Mama hanywi kwa sababu anayo sababu. Ndugu yake mkubwa alianza kwa kuonja kwenye sufuria ya mamake na hakuacha mpaka ikammaliza. Wateja wa Kukhu waliacha mishahara kwake huku watoto wao wakilala na njaa nyumba ya pili. Kukhu alilijua hilo, na Mama anasema kuna wanaume aliowakatalia kuwauzia tarehe za mwisho wa mwezi, akawaambia kwanza wapeleke unga nyumbani.

Wala sisemi pombe ya mtaani yote ni salama. Novemba 2000, zaidi ya watu mia moja walikufa Nairobi baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli. Wengine walibaki vipofu. Lakini sumu ile haikutoka kwenye kimea cha wimbi. Ilitiwa na watu wa haraka, kwenye biashara iliyosukumwa gizani ambako hakuna wa kukagua. Chang'aa ilikuwa imepigwa marufuku kabisa tangu 1980, na miaka thelathini ya marufuku haikuimaliza. Mwaka 2010, ile tunayoiita sheria ya Mututho iliifuta marufuku hiyo na kusema: sawa, pika, lakini uwe na leseni, viwango na chupa. Haya ni masharti mazuri kwenye karatasi. Sasa jaribu kuyatimiza ukiwa na chumba kimoja cha mabati.

Katikati ya hayo, wakubwa walijifunza. Mwaka 2004 East African Breweries ilileta Senator, bia ya pipa iliyosamehewa ushuru ili iwavute watu wa kipato cha chini kutoka kwa pombe haramu. Ilinywewa kweli kweli. Mwaka 2013 serikali ikarudisha nusu ya ushuru, bei ikapanda, mauzo yakaporomoka. Yaani serikali ilikuwa ikijua siku zote kwamba mtu maskini atakunywa tu, na kwamba bei na leseni ndizo zinazoamua atakunywa nini. Ilichagua nani wa kumrahisishia njia.

Siwalaumu vijana wa krafti. Wengi wao wanapambana na ushuru na leseni zilizokatwa kwa kipimo cha kampuni kubwa, na bia yao ni nzuri. Mimi mwenyewe nitainywa. Ila nikisoma kwenye menyu maneno kama "kwa mikono" na "mapishi madogo", naona sepetu ya Kukhu. Alikuwa na vyote hivyo, na ndivyo vilivyomfunga.

Basi nimebadilisha ratiba. Nimeondoa kituo kimoja cha bia. Tutaanza saa nne asubuhi Pumwani, tukiwa hatujaonja chochote, tutembee kwa miguu nusu saa. Halafu Mathare, tusimame pale juu ya mteremko. Baadaye mchana, chakula, kisha Ngong Road na Karen. Nilituma mpango huo kwenye grupu nikitegemea kelele. Mwenye bathdei alijibu kwamba nyanyake pia alikuwa akipika muratina kwao Murang'a na hakuwahi kumuuliza lolote. Mwingine akauliza kama Mathare kuna choo.

Mama naye nilimsomea ratiba kwa simu. Alinyamaza, akaniuliza gari lina viti vingapi. Nikamwambia kumi na vinne.

"Basi nitakuja mpaka Mathare. Nitawaonyesha ploti ilikuwa wapi, kama bado ipo." Akanyamaza tena. "Na hao watu wa mitungi, wanauza soda?"

Nimepiga simu nikauliza. Wanauza.