Daftari la Masako: namna ya kusimama wakati siasa inatikisa

Tangu Goma ianguke mwezi wa kwanza 2025, kisha Bukavu mwezi wa pili, mazungumzo kwenye simu zetu ni yale yale: nani anakuja, nani amekimbia, nani amenunuliwa. Usiku unaisha hivyo, na kitabu hakijafunguliwa. Ninaelewa, kwani hata mimi niko na ndugu kule. Lakini sisi hatuko wa kwanza kusoma katikati ya kelele.

Chuo kikuu chetu kilizaliwa 1963. Mwaka haujaisha, Simba wakaingia Stanleyville, mwezi wa nane 1964, na chuo kikahamishiwa Leopoldville. Kilirudi baadaye. Mwaka 1971 serikali ya Mobutu ikakiunganisha na vile vya Kinshasa na Lubumbashi kuwa chuo kimoja cha taifa. Mwaka 1981 njo kilipata jina la Chuo Kikuu cha Kisangani. Miaka 18, majina matatu, na kila mara walioamua hawakuwa walimu.

Sasa tuangalie Masako. Msitu huu uko kilomita 14 hivi toka mjini, kwenye barabara ya zamani ya Buta, mahali mto Tshopo unajipinda. Ulifanywa hifadhi mwaka 1953, hekta 2,105. Profesa Dudu Akaibe alifanya pale kazi ya panya wa msituni: kutega mitego, kupima mnyama, kuandika. Teze yake ilitoka 1991, mwaka ule ule ambao askari waliokosa mishahara walipora Kinshasa na miji mingine. Leo yule anayetaka kujua wanyama gani wadogo walikuwa Masako, iko na pa kuanzia.

Ukiteremka mto kilomita 100 hivi, unafika Yangambi. Pale, kuanzia 1937 mpaka 1958, waangalizi walifuata miti karibu 2,000, wiki kwa wiki: gani imetoa maua, gani imeangusha majani. Kazi ile ilianzishwa na wakoloni kwa faida yao, tusifiche. Lakini karatasi zilibaki. Zilipita uhuru, uasi, Zaire na vita mbili. Sasa watafiti wanazitumia kwa kujua namna msitu wetu unavyofuata mvua na jua.

Kuna mtu atasema: nchi inaungua, na wewe unahesabu panya na majani? Mzee, sikiliza hii.

Toka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, jeshi la Rwanda na la Uganda walipigana ndani ya mji wetu. Umoja wa Mataifa ulihesabu raia zaidi ya 760 waliokufa. Kongo ilipeleka Uganda mbele ya Korti ya Kimataifa ya Haki, La Haye, kwa vita yote ya 1998 mpaka 2003. Tuliomba zaidi ya dola bilioni 11. Tarehe 9 mwezi wa pili 2022 korti ikaamua milioni 325. Kwa uharibifu wa misitu tuliomba milioni 100, tukapata sifuri. Korti haikusema misitu haikukatwa. Ilisema Kongo haikuleta msingi wa kupima hasara.

Tusome tena jambo hilo, sisi watu wa kilimo. Uchungu tulikuwa nao, hotuba pia. Vipimo njo vilikosekana.

Kwa hiyo kukaa na daftari wakati wa taabu hakumaanishi kukimbia siasa. Wala simwambii mtu anyamaze. Wanafunzi wa Lovanium waliotembea Kinshasa tarehe 4 mwezi wa sita 1969 walipigwa risasi, na tunawaheshimu mpaka leo. Kusema kuko na siku yake. Ila anayesema bila namba anasahauliwa haraka, na anayesoma habari usiku kucha hana nguvu ya kusema wala ya kupima.

Na Masako haitungojei. Kila asubuhi baiskeli zinaingia mjini zimebeba makala toka barabara za msitu. Sibebeshi lawama wale wanaosukuma, kwani wako na watoto wa kulisha na umeme hakuna. Lakini kama hakuna anayeandika mwaka gani sehemu gani ilikatwa, kesho hata sisi wenyewe hatutaweza kushuhudia.

Ombi langu ni dogo. Kila mmoja achague kitu kimoja karibu naye na akipime: mvua ya uwanja wake, bei ya muhogo sokoni, shamba lililoachwa linavyorudi msitu. Aandike tarehe, mahali, namba. Habari za vita asikilize mara moja asubuhi na mara moja jioni, inatosha. Na kama uko na memuari ya zamani ya Masako ndani ya sanduku, usiache mchwa waile. Piga picha kurasa, tuma nakala kwa wawili watatu. Serikali zinapita, majina ya chuo yanabadilika. Tarehe iliyoandikwa vizuri inabaki, na siku moja kuna korti itaiomba.